Mbuzi Ameuzwa, Kamba Wameishika Wao

Sogeza kiti, yaya, treni yenyewe bado. Umesikia mambo ya hii michezo ya video? Mtu analipa, anapeleka kwake, miaka inapita, halafu muuzaji anakuja kukizima alichouza. Tss!

Mchezo unaitwa The Crew, wa mbio za magari. Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, iliutoa mwaka 2014. Ulidai intaneti hata ukicheza peke yako, maana bila mitambo ya kampuni haukuwaka. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo ikazimwa. Diski unayo, mashine unayo, mchezo huna. Wakasema ulicholipia ni ruhusa ya kucheza, na ruhusa ina mwisho.

Hapa kwetu Luena, Kongo, ukinunua mbuzi, aliyekuuzia harudi usiku kumfungua kamba. Akirudi, tunajua jina lake, na jirani wote wanatoka nje.

Huko California wametunga sheria, imeanza 2025: anayeuza mchezo kwa intaneti aseme wazi kwamba unapewa leseni tu. Sawa, lakini kuambiwa utanyang'anywa si kuachiwa chako.

Tazama tena Switch 2, mashine ya michezo ya Nintendo, iliyotoka Juni 2025. Baadhi ya kadi zake hazina mchezo ndani. Zina ufunguo tu. Mchezo wenyewe ukaupakue. Mtoto wa Luena atanunua mega ngapi kupakua mchezo mzima? Mega zinaisha kabla ya nusu, na umeme nao unajiendea.

Na uchungu wangu uko hapa. Betri za vyombo vya namna hii hutumia kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo hii, Kolwezi na kandokando yake. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani, madini mengine ya vyombo hivi, ilipaa, na kule Kivu watu wakauana juu ya mashimo. Sisi wa Luena, mji wa makaa ya mawe, tunaijua hiyo njia: mali inapanda treni, inakwenda. Sasa ikirudi imekuwa mashine, nayo wanataka tuishike kama tumeazimwa? Hapana, yaya. Hapana!

Nenda pale kwenye chumba cha play. Vijana wanalipa franga zao, wanacheza mpira kwa diski ya zamani iliyochubuka. Inafutwa kwa shati, inaingia, inawaka. Haimwombi mtu wa Paris ruhusa. Ndiyo maana bado inawalisha wenye chumba.

Usiniambie haiwezekani. Mtu mmoja aitwaye Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani Acheni Kuua Michezo, mwaka 2024, na Ulaya wakapatikana watu zaidi ya milioni 1 wa kutia sahihi. Hawaombi mitambo iwake milele. Wanaomba kampuni ikichoka, iuache mchezo ukiwa unachezeka. Wenye kampuni wanalia gharama. Mbona Ubisoft hiyohiyo, baada ya kelele, imeipa The Crew 2 njia ya kucheza bila intaneti? Kumbe mkono unaweza, ulisubiri kusukumwa.

Basi kijana wangu akitaka kununua mchezo, namwambia amuulize muuzaji neno moja: siku mtakapofunga duka, mimi nitabaki na nini? Asipojibu, franga irudi mfukoni.