Namibia Yatoweka Ofisini

Jumatatu asubuhi Namibia ilitoweka kwenye jedwali letu la nchi za SADC, bila mapinduzi wala mafuriko. Mkuu wa kitengo akauliza kwa upole, "Hawa Wanamibia wamekataa kuleta takwimu?"

Hawakukataa. Faili lilitumia misimbo ya herufi mbili: Tanzania TZ, Zambia ZM, Namibia NA. Sasa R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, ikikuta NA hudhani unaiambia kwamba jibu halikupatikana. Nchi nzima, pamoja na jangwa lake, ikageuka pengo. Andika na.strings = "" unapolisoma faili, itarudi.

Kizaazaa chenyewe kilianza ofisi ilipotaka mwongozo wa R kwa Kiswahili, wenzetu watatu wakagawana kurasa za kutafsiri. Kuna ujumbe wa R unaosema kazi imefanyika, ila kuna jambo uliangalie. Wa kwanza akauita angalizo, wa pili tahadhari, wa tatu onyo. Wasomaji, watu wenye akili zao, wakaona majina matatu hayawezi kuwa ya kitu kimoja, wakayapanga kwa uzito. Angalizo: endelea na chai. Tahadhari: weka kikombe chini. Onyo? Kwa mtumishi wa umma onyo ni barua, na barua huingia kwenye faili. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akanijia amenywea. "Shikamoo mzee. Kompyuta imenipa onyo. Nakala imekwenda kwa afisa utumishi?"

Kosa halisi, lile linalosimamisha kazi, likatafsiriwa kwa adabu mno: "haikuwezekana". Hakuna aliyeshtuka. Watu wakachapa majedwali ya juzi wakidhani ni ya leo.

Ndugu yetu wa Bujumbura naye ana yake. Tangu toleo la 2.1.0 la mwaka 2005, R huweza kutoa jumbe kwa lugha ya kompyuta inamokaa, na kompyuta yake ni ya Kifaransa. Tulibishana kwenye simu mpaka salio likaisha, kila mmoja akitetea kosa lake, kumbe kosa ni moja.

Mtafsiri mwenzangu, andika orodha ya maneno kabla ya kugawana kurasa. Ukichagua neno, baki nalo hadi jalada la nyuma. Na ukinisikiliza mimi, chagua tahadhari. Watumishi wa umma wana barua za kutosha.