Mwongozo wa Kwenda Majuu Kusomea Biashara, kwa Mkazi wa Shirere

Kwanza, usimwambie mtu. Hili ndilo shauri la maana kuliko yote humu, na ndilo usiloweza kulifuata. Ukichapisha fomu ya chuo cha Coventry au Leeds kwenye saiba mjini Kakamega, kijana wa saiba ataisoma kabla printa haijaitoa, naye hakosi shemeji Shirere. Jioni mwenye bodaboda atakataa nauli yako, kisha akuagize viatu. Jumapili utasimamishwa mbele ya waumini uombewe. Kwa hiyo swali la kama uende au usiende mtaa utakuwa umeshalijibu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kulijibu upya, kimyakimya, kabla pesa za watu hazijaanza kuingia.

Chagua nchi. Babu atakuambia zamani jambo hili halikuwa na shida. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege iliyopangwa na Tom Mboya kwenda Marekani, na waliorudi na digrii zao walikuta nchi changa ikiwatafuta iwape ofisi. Msikilize babu, mshukuru, wala usimwulize kama Mboya aliwahi kudaiwa taarifa ya benki.

Uingereza inawafaa wenye haraka, kwa sababu shahada ya uzamili huko huisha kwa mwaka mmoja. Tangu Januari 2024, anayekwenda kusomea uzamili wa darasani haruhusiwi kuandamana na mke, mume wala watoto. Kuna waombaji ambao kwao hiki si kizuizi hata kidogo, lakini usiliandike hilo kwenye maombi. Ukimaliza, utaruhusiwa kubaki utafute kazi. Ajenti atakuambia ni miaka miwili, na kweli ilikuwa miwili tangu 2021. Ila wanaoomba ruhusa hiyo kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18 tu. Sasa hesabu mwenyewe: atakayeingia darasani Septemba 2026 atamaliza 2027, kwa hiyo miezi sita ya mwisho ya ndoto yake imeshakatwa kabla hajanunua koti. Baada ya hapo atahitaji mwajiri wa kumdhamini. Tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara wa kazi hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wahitimu wapya hupunguziwa. Pauni hizo ni zaidi ya shilingi milioni saba. Usizitaje Shirere.

Marekani inawafaa wenye moyo mgumu. Huko mhitimu wa kawaida wa biashara hupewa mwaka mmoja wa kufanya kazi, lakini mhitimu wa sayansi na hesabu huongezewa miaka miwili. Vyuo vya biashara havikulala. Vingi vimeshaandikisha shahada zao kuwa za sayansi, na ndiyo maana kozi ya uuzaji uliyoizoea siku hizi inaitwa uchanganuzi wa hili na takwimu za lile. Soma jina la shahada kwa makini kuliko unavyosoma mtaala, maana ndani ya jina hilo mna miaka miwili.

Tangu Juni 2025, anayeomba viza ya masomo ya Marekani huambiwa afungue akaunti zake za mitandao zisomwe na afisa wa ubalozi. Hapa mtu wa Kakamega ana kazi ya ziada. Itabidi ueleze kwamba Ingwe ni timu ya kandanda, na kwamba yale uliyoandika usiku AFC Leopards ilipofungwa na Gor Mahia hayakuwa mpango wa kushambulia jengo lolote. Halafu Septemba 2025 ikaja ada ya dola 100,000, anayodaiwa mwajiri anayemwombea viza ya H-1B mfanyakazi aliye nje ya nchi. Baadaye ikafafanuliwa kwamba haimgusi anayebadilishiwa hadhi akiwa tayari humo ndani. Maana yake ni rahisi: ukiingia, usitoke, hata kwa matanga. Waeleze ukoo mapema, wakati bado wanakupenda.

Kanada ilitangaza Januari 2024 kwamba itapunguza vibali vya wanafunzi, lakini wa uzamili wakaachwa nje ya hesabu. Mwaka wa 2025 wakaingizwa. Kuanzia Januari 2026, wale wa vyuo vya umma wakatolewa tena. Kiasi cha fedha za kujikimu nacho kilipanda kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635 mwanzoni mwa 2024, kisha 22,895 Septemba 2025. Australia ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi kutoka dola zake 710 hadi 1,600 Julai 2024, na mwaka uliofuata ikaifikisha 2,000, na ukinyimwa viza usitarajie kurudishiwa. Watu hufananisha sera hizi na mvua ya Kakamega. Wanaikosea mvua heshima, kwani hiyo angalau hunyesha alasiri na kila mtu ameshaanua nguo.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa tukae.

Uingereza inataka uonyeshe karo ya mwaka ambayo hujalipa, pamoja na fedha za kujikimu kwa miezi tisa. Kwa anayesoma nje ya London, tangu Novemba 2025 hizo ni pauni 1,171 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.7 kabla ya karo, kabla ya viza, na kabla ya pauni 776 za kila mwaka za huduma ya afya. Pesa hizo zilale katika akaunti yako siku 28 mfululizo, zisishuke chini ya kiwango hata siku moja.

Aliyeandika sharti hili hajawahi kuishi Shirere. Hapa shilingi haijui kulala siku 28. Za kwako zitakuwa zimetoka kwa khotsa, yaani mjomba, aliyeuza miwa, kwa senje, yaani shangazi, aliyekopa kwenye chama, kwa mkopo wako wa sako, na kwa rafiki wa mjini ambaye hukumwuliza zake zimetoka wapi. Wiki ya kwanza wote watakuwa na subira. Wiki ya pili khotsa atapiga simu usiku akusalimie tu, halafu aulize kama bado ziko. Wiki ya tatu shule zitafunguliwa, au mtu atalazwa, au kutakuwa na msiba Lurambi, na kamati itakaa ikitazama akaunti moja tu yenye pesa katika ukoo mzima. Utasema haziguswi. Utaulizwa kama unazipenda kuliko marehemu. Hakuna jibu la swali hilo, na mwongozo huu hautajifanya kuwa nalo. Zima simu, uende Kisumu siku kadhaa.

Harambee ifanyike baada ya viza, si kabla. Ukifanya kabla ukanyimwa, utawaeleza nini? Mheshimiwa ataahidi laki moja mbele ya kipaza sauti, na ahadi hiyo haiingii kwenye taarifa ya benki. Jihadhari pia na hotuba. Utahitaji mbili. Ubalozi wa Marekani unataka kuamini kwamba utarudi: una shamba, una mchumba, una uchungu na maendeleo ya kaunti. Mtaa unataka kuamini kwamba hutarudi, au si leo wala kesho, na kwamba utawavuta wengine mmoja mmoja. Hotuba zote mbili zitoke moyoni. Usizichanganye.

Jaribio la Kiingereza nalo lisikuudhi. Umefundishwa kwa Kiingereza tangu ukiwa mtoto, pengine ulivishwa kibao shingoni kwa kuropoka Kiluhya uwanjani, na sasa baadhi ya vyuo vitakutaka ulipe ili uthibitishe kwamba kibao kile kilifanya kazi. Lakini uliza kwanza, kwa sababu vyuo vingi vya Uingereza hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE. Ajenti huenda asikutajie hilo.

Ajenti huwa hakutozi chochote, na ndipo unapopaswa kushtuka. Vyuo vingi humlipa kamisheni kwa kila kichwa anachofikisha, kwa hiyo ushauri wake una karo ndani yake. Wala usidhani muhuri wa serikali ni kinga. Mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti, na jambo likafika mahakamani.

Mtu mmoja mwenye busara, kwa kawaida mwalimu mstaafu, atakukumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Masinde Muliro (MMUST) kiko hapo barabara ya Webuye, kinafundisha uzamili wa biashara, na unaweza kusoma huku ukiendelea na kazi. Ana haki. Tatizo la chuo hicho ni kwamba unafika kwa bodaboda. Hakuna kanisa litakalokuombea safari ya kwenda MMUST wala mheshimiwa atakayekuchangia. Marehemu Muliro mwenyewe alisoma Cape Town, kwa hiyo hata jina lililo langoni lina muhuri wa ng'ambo. Wewe je, uridhike na lango?

Basi ukishachoka na yote hayo, fanya zoezi ambalo ajenti hatakufundisha. Chukua brosha ya chuo na kalamu nyekundu. Futa kila mstari unaotaja viza, kazi baada ya masomo, ukaazi na mshahara wa wastani wa London. Hayo yote ni mali ya waziri fulani, naye anaweza kuyafuta ukiwa kati ya muhula wa kwanza na wa pili. Yatakayobaki ndiyo unayouziwa kwa hakika: masomo ya ugavi, hesabu za gharama, darasa la wageni wenzako, na cheti ambacho ukirudi utakipeleka kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ulipe tena, kitambuliwe. Andika bei yake pembeni. Kama ungelipa bei hiyo huku ukijua utarejea Shirere siku ya pili baada ya mahafali, nenda, na Mungu akutangulie. Kama ungelipa nusu, unanunua viza na kuiita shahada. Hilo si kosa la jinai, ila viza ni bidhaa ambayo muuzaji hubadilisha vipimo baada ya kupokea pesa.

Ukiona usiende, usitangaze kwamba umeacha, maana Shirere haina utaratibu wa kumpokea aliyeacha. Sema umeahirisha hadi Septemba. Watu wataelewa; wataitikia kwa kichwa na kulaani Wazungu na sera zao. Septemba ya mwaka gani hakuna atakayeuliza, isipokuwa senje, na yeye atauliza kila asubuhi, kwa sababu chama kinamdai.