Mjukuu wa Mwenye Gobore

Kulungu hakukimbia. Hilo ndilo linaloniuma, na leo ni siku ya tatu. Nilifyatua mara tatu, naye alisimama palepale, hatua thelathini hivi, theluji imemfika magotini, anatafuna vichipukizi huku akinitazama kama abiria anavyomtazama konda anayejipapasa mifuko kutafuta chenji ambayo hana.

Nyuma yangu alikuwa mzee jirani yetu, mwenyeji wa hapa Pennsylvania, aliyenialika na kuniazima bunduki. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alikohoa. Ya tatu nikasikia kitu kinaanguka kwenye theluji, nikadhani ni tawi. Kumbe ni yeye, kaketi chini, kashika mbavu, machozi yanamtoka.

Kosa ni la mdomo wangu. Alipotaja tu bunduki za kushindilia nilimkata kauli: mzee wangu, mimi kwetu Urambo, babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore! Na ni kweli alikuwa nalo, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Sikueleza kwamba mimi nililigusa mara moja tu, nikachapwa. Badala yake nikamwongezea habari za Mirambo, mtemi aliyefariki 1884, na rugaruga, wapiganaji wake, waliotembea na magobore begani, nikizisimulia kana kwamba nilikuwepo. Kufika mwisho wa wiki nilikuwa nimemwaminisha kwamba kwetu mtoto ananyonya huku anashindilia.

Jimbo hili lina msimu wake wa gumegume tangu 1974. Baada ya Krismasi, baridi ikiwa imekolea, watu wazima wenye bunduki za kisasa kabatini wanaziacha huko, wanaingia msituni na silaha ya cheche za jiwe. Hata fataki ya gobore la babu hairuhusiwi, ni ya kisasa mno. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Kisha nikaishika yenyewe, na lazima nikiri, kitu hiki kina uchawi.

Kwanza baruti. Shura asilimia 75, makaa ya mti 15, salfa 10. Unapima gramu nne na nusu hivi, unamimina mdomoni mwa mtutu. Juu yake kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na juu ya kitambaa risasi ya duara iliyotengenezwa kwa risasi (hapa Kiswahili kinanifurahisha, madini na kinachoua vina jina moja). Unashika mdeki, unashindilia mpaka risasi ikalie baruti barabara, maana ukiacha nafasi katikati mtutu waweza kupasuka ukakuachia kitako mkononi. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojiviringisha, kazi waliyoipatia sifa mafundi Wajerumani waliohamia Lancaster, hapahapa jimboni, katika karne ya 18. Kitambaa kinaing'ata mifereji hiyo, risasi inatoka inazunguka kama pia, na kinachozunguka hakipepesuki. Kisha, nje, ubavuni, kuna kisahani kidogo. Humo unatia baruti laini kuliko ile ya ndani, chembe chache tu, kama unavyotia iliki kwenye chai. Jiwe limebanwa na taya za mtambo, limefungwa kingozi lisiteleze.

Sasa unavuta. Miaka yote nilidhani cheche hutoka kwenye jiwe. La hasha! Jiwe ni kali, linakwangua bamba la chuma, na vile vichembe vya chuma vinavyokwanguliwa ndivyo vinavyowaka vyenyewe hewani. Vinadondokea kisahani, fsss, moto unapenya kijitundu kisichozidi njiti ya kiberiti, unaikuta baruti ya ndani, ndo! Kati ya fsss na ndo kuna kitambo. Ni kifupi mno, lakini kinatosha mwoga kufumba macho, na ndicho kinachomtenga mwindaji na mpiga kelele. Halafu moshi mweupe, huoni kitu, unangoja upepo ukuletee matokeo. Ukikosa, huna nyingine. Anza upya, na mnyama ameshahama kata.

Mimi nilipata fsss tatu. Ndo haikuja. Kila mara nilijaza kisahani upya kwa madaha ya fundi, mkono hautetemeki, na kila mara moto uliingia ndani ukakuta hakuna mtu nyumbani. Kitambaa nilikuwa nimeweka. Risasi nilikuwa nimeweka. Nilikuwa nimeshindilia kwa nguvu za Mirambo mwenyewe. Baruti ilikuwa bado iko kwenye pembe yake, imening'inia shingoni mwangu, imejaa.

Mzee alipopata pumzi alichukua pini, akapenyeza chembe za baruti laini kwenye kile kijitundu, moja moja, kwa subira ya mtoa funza. Akaisukuma tena risasi chini kabisa, akajaza kisahani, akaelekeza mtutu kwenye kilima kitupu. Ikasikika sauti ya mtu anayejamba kanisani akijizuia. Risasi ilitoka, ikaenda hatua kumi na tano, ikazama kwenye theluji. Kulungu akageuka akaondoka. Bila haraka.

Usiku ule nilikosa usingizi, nikashikwa na hasira isiyomhusu kulungu. Mwaka 1890 wakubwa wa dunia walikutana Brussels, wakaandika kwamba silaha za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Sababu waliyoandika ni kuzima biashara ya watumwa, nani angepinga? Ila waliacha mlango mdogo wazi: serikali ingeweza kuruhusu ziuzwe gumegume, zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Yaani masalia. Wakati huohuo wenyewe walikuwa na bombomu. Leo masalia hayo ni starehe ya mstaafu, na sheria ya Marekani ya 1968 haiihesabu bunduki yangu ya aibu kuwa silaha ya moto, naweza kuiagiza ikaja kwa posta. Gobore la babu, siku alipozikwa, lilichukuliwa likaandikwa kwenye daftari, na mjomba akahojiwa kutwa nzima kama jangili. Nguruwe wakala mahindi mwaka ule. Hilo halinichekeshi.

Jana nilirudi msituni nikasahau mdeki ndani ya mtutu; uko juu ya mti mpaka sasa. Leo asubuhi jiwe lilichomoka. Mchana nimeosha mtutu kwa maji moto bafuni, nyumba nzima ikanuka mayai viza, mke wangu amekwenda kwa dada yake.

Jioni nikampigia mjomba, nipate wa kunihurumia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umeua?"

"Bunduki ya huku mbovu. Inawaka nje tu, ndani haijibu."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wa Urambo.

"Baruti ulitia?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unakatika.