Kufuma, Kufumua na Kufumaniwa

Nimefumaniwa. Tena mchana kweupe, nyuma ya jiko, na kijana niliyemfundisha jiografia kidato cha pili akamaliza mwaka hajui tofauti ya kipupwe na kaskazi. Alikuja na bodaboda kuniletea magunia mawili ya samadi. Hodi hakupiga, anasema mikono ilikuwa imeshika mzigo, kana kwamba hodi hupigwa kwa mikono peke yake. Akanikuta kwenye kigoda, miguu nimeianika juani, sindano mbili mkononi, donge la uzi wa kijani limetulia mapajani kama kuku aatamiaye. Akaitazama sindano, akanitazama mimi, kisha akatazama mlango wa jikoni akimtafuta mama mwenye kazi yake.

"Shikamoo Mwalimu. Kumbe unafuma?"

Lingekuwa jambo jingine ningekana. Aliyekutwa na kopo la ulanzi anaweza kusema kamshikia mwenzake aliyeenda msalani. Lakini sindano yangu ilikuwa na mishono 84 imejipanga juu yake, na mishono haijipangi yenyewe.

"Marahaba. Hiyo samadi weka pale."

Jioni ile kijiwe kizima cha bodaboda kilikwishajua kwamba Mwalimu, tangu astaafu, ameanza kufuma. Uongo mtupu. Nilianza kufuma mwaka 1971, nikiwa darasa la tano. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, ile ya 1967, shule ina shamba, ina banda la kuku, na ina kipindi cha kazi za mikono ambacho wavulana kwa wasichana tulifuma kwa spoku za baiskeli tulizozinoa ncha kwenye jiwe. Spoku ina unene wa milimita 2. Ukilianza sweta la spoku ungali kijana, hakikisha umeacha wosia nani atalimalizia.

Baadaye nikawa mwalimu mimi mwenyewe, nami nikawa nawapa wachelewaji matuta ya mchicha wayanyweshe: ndoo sita kila tuta, na anayelia anaongezewa. Leo nina matuta kumi na moja nyuma ya nyumba, ndoo sita kila tuta, na wala sijachelewa popote.

Kijiwe hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kalenda. Huku Njombe mvua yetu ni moja na ni ndefu. Inaanza Novemba au Desemba na kutuachia Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Halafu inaingia baridi ya Juni, Julai na Agosti, ile ya kuamka ukaona pumzi yako mwenyewe ikitangulia mlangoni. Kisha upepo na vumbi mpaka mvua irudi. Mtu mwenye akili atasema mambo ni rahisi: mvua ikinyesha lima, baridi ikija kaa ndani ufume. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nikichora ubaoni, duara lenye vipande vitatu na rangi za chaki. Naomba radhi kwa wote niliowafundisha.

Mvua ikinyesha, mboga zinaota kweli. Zinaota kwangu, kwa jirani, kando ya barabara, na hata juu ya lundo la takataka la yule bwana ambaye hajawahi kushika jembe. Mchicha, figiri, chainizi, mnavu, majani ya maboga, vyote kwa mpigo. Mwezi wa pili nikimpelekea jirani fungu moja la chainizi, ananirudishia mafungu mawili, wala msidhani ni ukarimu. Anatafuta pa kutupa. Kitu pekee ambacho kila nyumba inakitaka miezi hiyo ni nyanya, na nyanya ndizo hazitaki mvua. Unalala bustani ni ya kijani, unaamka majani yana mabaka ya kahawia, na siku ya nne shamba lote liko kama limemwagiwa maji ya moto. Bakajani chelewa. Jina linasema chelewa lakini sijawahi kuona ugonjwa unaowahi kama huo. Ndio huohuo unaokula viazi mviringo, na jirani yangu kapanda viazi mpaka kwenye ua. Anaponyeshewa na mvua akipalilia, mimi nasikia nyanya zangu zikikohoa.

Basi mvua inanyesha, nyanya zimekufa, mchicha hauna mwenyewe, na mimi nimefungiwa ndani. Nafanya nini? Nafuma. Kwa hiyo sweta linaanza Februari. Inakuja Juni, baridi yenyewe ambayo sweta liliandaliwa kuikabili, na mvua imekata, maana yake kunywesha kumeanza. Ndoo 66 asubuhi kwa maji ambayo ukiyagusa unajiuliza kwa nini hayajaganda. Mikono inapasuka. Na mkono uliopasuka haufumi, kila ufa unanasa uzi kama mwiba unavyonasa kanga. Sweta linalala kwenye kapu hadi mikono ipone, nayo inapona Septemba. Sweta linakwisha Oktoba, mbuzi wenyewe wanagombea kivuli.

Hapo bado sijazungumzia namba za sindano. Zile nilizorithi kwa shangazi yangu ni za vipimo vya kizamani vya Kiingereza, ambapo namba 8 ni milimita 4 na namba 14 ni milimita 2. Namba inapanda, sindano inakonda. Nilishangaa mpaka nilipokumbuka kwamba nimefanya kazi miaka thelathini na kitu chini ya utaratibu huohuo: kila nilipopanda daraja, kilichobaki mkononi tarehe kumi kilikuwa chembamba zaidi.

Tuje kwenye uzi. Fedha ya madonge ya kutosha sweta moja la mtu mzima, pale sokoni kwetu, inanunua masweta matatu ya mtumba, na yameshafumwa, tena na mashine isiyopasuka mikono. Hesabu hiyo mke wangu huipiga kwa sauti. Ndipo nilipopata akili ambayo nadhani ni bora kuliko zote nilizopata tangu nistaafu: nanunua sweta la mtumba, nalifumua, napata uzi, nafuma sweta jingine. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hiyo unanunua sweta zuri, unaliharibu, unalitengeneza upya liwe baya?"

Hajui ufundi uliomo. Kwanza hulinunui sweta kwa sura, unaligeuza ndani nje kama daktari. Kama pembeni kumekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloku, liache hapohapo, ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono, elfu moja, vya kufungia vitumbua. Unatafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake ndipo kikaunganishwa. Hilo linatoa uzi mmoja usiokatika, unavuta huku unaimba. Pili, lazima ujue kama ni sufu au ni plastiki, na kipimo chake ni moto. Unachomoa uzi kidogo, unawasha kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka kwa vidole. Plastiki inayeyuka na kuganda kishanga kigumu.

Tatizo ni kwamba moto huo unawashwa mbele ya mwenye mzigo.

"We baba! Unanichomea biashara!"

"Uzi mmoja tu, mama. Ikiwa sufu itanuka nywele."

"Na isiponuka?"

"Itakuwa kishanga."

"Haya nunua, ukanusie kwenu."

Nilinunua mawili, jekundu na jeusi. Kufumua, niwaambie ukweli, ni raha kuliko kufuma. Kazi iliyomchosha mtu asiyejulikana, huko Ulaya ya mbali, unaitengua kwa saa mbili mbele ya redio. Ila uzi ukitoka unakuja umejikunja kama tambi, na ukiufuma hivyohivyo sweta litakuwa na sura ya mtu aliyelala vibaya. Lazima uuoshe, uufunge vitanzi virefu, uutundike na uufungie kitu kizito chini hadi ukauke umenyooka. Mimi nilitumia chupa za maji. Kamba yangu ya nguo imepita juu ya matuta ya bustani. Sasa pateni picha: bustani ya mzee mmoja, asubuhi ya ukungu, nyuzi nyekundu na nyeusi zinaning'inia juu ya kabichi, na chini ya kila fundo chupa yenye maji inayotikisika taratibu.

Wiki ile hakuna aliyeniibia hata jani. Hoho zangu, ambazo kwa kawaida huondoka usiku bila kuaga, zilikaa mpaka zikawa nyekundu. Watoto wa shule walianza kupita upande wa pili wa barabara. Nilipata habari Jumapili, mzee mmoja wa kanisa aliponivuta kando baada ya ibada kuniuliza, kwa upole wa mtu anayeokoa roho, kama ni kweli nimezindika bustani. Nikamweleza habari ya sufu yote, kuanzia ovaloku hadi tambi. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Akatazama nyuma yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo "sufu" inafanya kazi na kwenye parachichi.

Huwa nafikiri, nikiwa na sindano mkononi, kwamba adui yangu mkubwa ni nchi ya Peru. Msinicheke, mimi ni mwalimu wa jiografia. Viazi vya jirani asili yake ni milima ya Andes. Nyanya nazo zimetoka pande hizohizo za Amerika ya Kusini. Na kantangaze, yule mdudu anayechimba mahandaki ndani ya jani la nyanya mpaka linabaki kama karatasi, alielezwa na wanasayansi mara ya kwanza mwaka 1917 kutoka huko Peru, akavuka hadi Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika Tanzania bila pasipoti. Mtu angeweza kuivunjia Peru uhusiano. Lakini Peru hiyohiyo, kwenye Ziwa Titicaca, ina kisiwa kiitwacho Taquile, ambako wanaofuma ni wanaume. Kofia zao za sufu wanazifuma wenyewe tangu utotoni, hadharani, wakitembea, na mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu. Niliipeleka habari hiyo kijiweni. Kijana wa samadi akasema, "Mwalimu, kwa hiyo unahama lini?"

Mwaka huu nilijaribu kuishinda kalenda. Nikapanda nyanya za kinyungu, kule chini bondeni mwa kiwanja changu, zikomae wakati sokoni hamna. Kila mtu huku analima vinyungu kiangazi, unyevu uko palepale, huhitaji ndoo 66. Nilisahau kitu nilichokifundisha kila mwaka, kidato cha kwanza, muhula wa pili: hewa ya baridi ni nzito, usiku usio na mawingu inateremka na kutuama bondeni kama maji. Jalidi inaanzia kule chini. Usiku mmoja wa Julai nyota zilikuwa nyingi mno kwa usalama. Nikatoka na tochi. Nyasi nilizoweka za kufunikia miche ng'ombe wa jirani alikuwa ameshazifanya chakula. Nikarudi ndani, nikachukua kapu la kazi zangu zote ambazo hazijaisha: migongo miwili, mkono mmoja, shali ambayo ilianza ikiwa blanketi, na vesti mbili za wajukuu walioshakua. Nikaivisha miche, mmoja mmoja.

Asubuhi mjukuu wangu akapiga simu. Ana miaka saba, kazaliwa Nairobi na kukulia hukohuko.

"Babu, huko kuna baridi?"

"Baridi kali, mjukuu wangu. Usiku nyanya nimezivika masweta, lakini mbili zimekufa."

Kimya. Nikadhani salio limeisha.

"Babu," akasema polepole, "kwani una nyanya wangapi?"

Huku kwetu bibi ni bibi na nyanya ni mboga. Nairobi nyanya ni bibi yako, mzaa baba au mzaa mama. Na bibi yake mzaa baba alikuwa amesimama nyuma yangu, kajifunika kanga mbili, anachochea moto, na simu iko kwenye spika. Akaichukua mkononi mwangu.

"Mwambie babu yako akutajie nyanya ambaye hajawahi kufumiwa sweta."

Nilifuma kuanzia siku ile. Kwa uzi wa kijani, sufu ya kweli, niliinusa mwenyewe. Nilipasuka vidole, nikavipaka mafuta ya ng'ombe, nikaendelea. Mikono nikaifuma kuanzia begani kushuka, ili ikizidi iwe rahisi kufumua. Nikamkabidhi Oktoba, joto likiwa pale pale panapostahili. Akalivaa mbele ya kioo, akasema ahsante, akalikunja, akaliweka kabatini.

Mvua za kwanza zimeingia wiki iliyopita. Jana nilishuka bustanini na bunda la kamba za katani kwenda kufungia nyanya kwenye miti yake, nikakuta zimeshafungwa, safu nzima, mafundo mazuri kuliko yangu. Kwa uzi wa kijani.

"Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia," akanijibu kutoka jikoni kabla sijauliza. "Nimeusawazisha."

Nikaenda kabatini na futi. Sasa wa kulia ndio mrefu.