Miwani Imebaki Nyumbani

Hakuna ugonjwa wa macho unaozuka ghafla kama ule unaompata mtu mzima asiyejua kusoma pindi anapowekewa karatasi mbele yake. Miwani imebaki nyumbani. Mwanga hautoshi. Herufi zenyewe ni ndogo mno, ama labda mjukuu amsomee kwanza.

Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilichoka kudanganywa. Utafiti wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima haukutosheka na swali la "unajua kusoma?" Watu walipewa mtihani. Asilimia 61.5 walihesabiwa kuwa wanajua kusoma. Waliofikia kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 29.6 tu. Hao wa katikati, waliodhani wamemaliza kisomo cha gumbaru zamani, walijikuta hawako huku wala kule.

Malili, Makueni, ni mahali pazuri pa kutafakari hesabu hizo. Hapo, kando ya barabara ya Mombasa, serikali ilinunua ekari 5,000 mwaka 2009 ijenge Konza, mji wa teknolojia. Mwaka 2013 Rais Kibaki akazindua ujenzi. Lakini susu, yaani bibi, anayeishi jirani na mji huo akiletewa fomu, kijana mwenye kalamu humwambia kwa upole wa kuudhi: "Weka tu kidole hapa, susu."

Wakati huohuo, wenye digrii hubofya "nakubali" chini ya kurasa chungu nzima za masharti ya mkopo wa simu bila kusoma hata mstari mmoja. Hawa ndio wangepimwa kwanza.