Mzigo Usioandikwa

Kampuni inayosanifu na kufunga mitambo ya umeme wa jua huanza kazi kwa hesabu ya mizigo, yaani orodha ya vifaa vyote vitakavyotumia umeme, wati za kila kimoja na saa kitakazowaka kwa siku. Hesabu hiyo hutegemea kauli ya mwenye nyumba, ambaye mbele ya fundi huwa mnyenyekevu kama mtu anayeomba kupunguziwa ada: taa sita, televisheni na simu za kuchaji. Pasi haitajwi, kwa kuwa imo kabatini, na kilichomo kabatini hakihesabiwi.

Kwa orodha hiyo fundi hufunga betri ya volti 12 na ampea-saa 200, ambayo hubeba wati-saa 2,400. Lakini betri ya asidi, iliyo jamaa ya ile ya gari, huchakaa mapema ikizoea kutumiwa kupita nusu, hivyo akiba halisi ni wati-saa 1,200. Pasi ya wati 1,200, inayotoka kabatini Jumamosi usiku kwa ajili ya nguo za kanisani, ikiwaka mfululizo huimeza akiba yote kwa saa moja, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, huanza kulia kabla shati la pili halijanyooshwa.

Mgogoro mwingine huzuka juu ya paa. Dodoma, kwa mfano, iko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli za huko huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi; mwenye nyumba, hata hivyo, hutaka zielekee barabarani, kwa hoja kwamba jua huzunguka kote ilhali majirani hupita upande mmoja tu. Kivuli cha tawi la mwembe kikiangukia paneli moja huweza kudhoofisha na wenzake walioungwa nayo, lakini tawi huahidiwa kukatwa baada ya msimu wa maembe, bila kutajwa ni wa mwaka gani.

Umeme ukizimika, fundi huitwa na kuelezwa kwamba jua la siku hizi limepungua nguvu. Naye, kwa adabu ya kazi, hapingi. Huomba maji ya kunywa, na akipita sebuleni huongeza kwenye orodha yake mzigo mmoja ambao hakuna aliyeutaja, na ambao bado una joto.