Muulize Ta Mjuzi: Kichina Kinanitoa Jasho

*Shikamoo Ta Mjuzi. Niko mwaka wa kwanza pale Mlimani, nasoma Kichina. Toni zimenishinda, herufi ndiyo kabisa, na chumbani tunabebana. Naogopa kudisko. Nifanyeje? – Mwenye Mashaka, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwanangu. Nikupongeze kwa jambo la akili ulilolifanya tangu ufike chuo, nalo ni kuniandikia mimi. Wapo wenzako waliowaandikia washauri wa magazeti mengine, na mpaka leo wanatafuta lilipo darasa.

Mimi ni mtu wa Bukoba, na kama ujuavyo, watu wa Bukoba hatupendi kujisifu, kwa hiyo nitagusia kidogo tu. Kichina kiliingia kwenye ukoo wetu zamani. Wachina walipokuwa wanajenga reli ya Tazara, 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mjomba wangu alikuwa akiwauzia ndizi kambini. Kila mtu anasema reli ile waliijenga Wachina. Hakuna anayesema walijenga kwa nguvu za ndizi za nani. Nimeshawaandikia wahusika kuhusu jambo hili, nasubiri mnara.

Tulikuwa wapi? Toni. Kichina sanifu kina toni 4: ya kwanza inakaa juu haitikisiki, ya pili inapanda, ya tatu inazama kisha inaibuka, ya nne inaporomoka. Kuna na silabi zisizo na toni yoyote, zinapita upesiupesi kama mgeni asiye na kadi ya harusi. Unahangaika kwa sababu Kiswahili hakina toni. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, yamekwisha. Lakini bibi yako je? Kabila lako hukulitaja, nami siulizi. Kihaya kina toni, Kisukuma kina toni, Kichaga nacho kina toni. Likizo nenda kijijini, bibi akugombeze kwa lugha ya kwao kuanzia alfajiri. Maneno yaache yapite, wewe fuata sauti inavyopanda na kushuka. Akikosa sababu ya kukugombeza, vunja chungu. Njia hii inasubiri tu mkutano wa kimataifa uitishwe ili niiwasilishe.

Kama nauli ya kijijini huna, Mlimani kuna tumbili. Simama nje ya bweni na ndizi mbivu mkononi, uwasomee toni moja moja. Tumbili akichukua ndizi, toni ilikuwa sahihi. Akichukua simu, rudi toni ya kwanza.

Herufi ni kazi ndogo. Nunua daftari la hesabu lenye miraba, kila herufi ikae ndani ya mraba wake, kwa sababu Mchina hataki herufi iliyonona kuliko jirani yake. Na usianze na salamu kama wanavyoanza wengine. Anza na "mimi". Herufi hiyo, 我, ina mikwaju 7: wa kwanza mfupi unainama kushoto juu kabisa, wa pili unalala kutoka kushoto kwenda kulia, wa tatu unasimama na ndoano chini, wa nne unapanda kidogo, wa tano ni mshazari mrefu wenye ndoano nao, wa sita unashuka kushoto, halafu unamalizia na nukta juu kulia. Ukiruka mpangilio, mwalimu ataona hata kama herufi imetokea nzuri. Jaza ukurasa mzima: mimi, mimi, mimi. Binafsi sikuona haja ya kwenda ukurasa wa pili.

Wewe ambaye hujafika kiwango changu, nenda. Utaona herufi zina vipande vinavyojirudia. Ukikuta vinukta vitatu upande wa kushoto, mara nyingi habari ni ya maji: mto, ziwa na bahari zote zinavyo. Kipande kilichobaki aghalabu kinadokeza matamshi. Kumbe si michoro elfu ya kukariri!

Kuhusu kubebana, hiyo ni neema. Ngazi ya kwanza ya HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, kwa mpangilio wa ngazi 6, ilitaka maneno 150 tu. Yabandike ukutani juu ya kitanda. Kila usiku atakayeshindwa kusoma matano analala chini. Utashangaa mbebwaji wako anavyofaulu mtihani ambao hakujisajili.

Na usijione unaonewa. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, maana yake kuna Wachina walioketi wakamenyana na ngeli zetu zote, ki-vi na li-ya na u-zi. Kichina hakina ngeli, na kitenzi hakibadiliki hata ukipigie magoti. Kina vihesabio tu, kimoja cha vitabu, kingine cha vitu bapa. Taasisi ya Confucius, ile inayofundisha Kichina, ya kwanza Afrika ilifunguliwa Nairobi 2005, hapo Mlimani ikaja 2013. Miaka yote hiyo ya katikati walikuwa wanatafuta mtaalamu, na simu yangu ilikuwa wazi.

Mhariri anasema nafasi imeisha. Ni wivu. Haraka haraka: usikose darasa, tamka hata wakikucheka, na andika kwa mkono kila jioni, maana simu inakuandikia kwa pinyin, yaani unagonga matamshi kwa abc nayo inaleta herufi, mpaka siku ya mtihani ukakuta mkono haujui lolote. Wote niliowashauri wamefaulu. Waliofeli walinisoma vibaya.

*Ta Mjuzi, bumu limekata na mwezi haujafika katikati. – Mkavu, Mabibo.*

Wachina hunywa maji ya moto kwa kila jambo, tumbo, mafua, hata huzuni. Kikombe cha kwanza ni chai ya asubuhi. Cha pili ni chakula cha mchana.